Koma

Saa tisa usiku umeme umekatika tena
na Bukavu yote, kutoka Nyawera hadi Bagira,
imebaki tochi za simu na mbwa.
Chumba cha vichanga kinaishi kwa joto la chupa za maji
tulizozivingirisha vitenge.
Tochi yangu nimeibana kwa meno.

Mtoto hana jina bado.
Kwenye fishi anatajwa kwa mama yake: Bebe Nabintu.
Kilo moja na nusu,
mwepesi kuliko fungu la sombe soko la Kadutu,
na kule Kadutu wanapima kwa jicho.

Chupa inasema: miligramu themanini ndani ya mililita mbili.
Aliyeijaza alimfikiria dereva wa lori,
mpasua mawe, mtu wa kilo sabini.
Hakumfikiria huyu
ambaye soksi yangu ingemfunika hadi kwapani.
Sehemu yake ni miligramu sita.
Sifuri, koma, kumi na tano:
tone, na mdogo wake tone.

Nimevuta. Mkono umeshavuta.
Mkono una mazoea yake,
ulifundwa wodi ya wanaume
miaka sita kabla ya kuletwa hapa.
Bomba limejaa hadi moja koma tano.
Nikalitazama, nikaliona sawa.
Hilo ndilo linalonitisha hadi leo.
Ningekuwa mzembe ningejisamehe haraka zaidi.
Nililitazama, nikaliona sawa.

"Soma," akasema Ntakwinja kutoka gizani.
Mwanamke mfupi, aliyebandika karatasi ukutani
kwa plasta ya vidonda:
DAWA YA KICHANGA HAISOMWI NA MTU MMOJA.
Daktari mmoja alicheka. Mwingine alisema
anachelewesha kazi.
"Soma kwa sauti. Jina, uzito, dawa, kipimo."

Bebe Nabintu.
"Nabintu yupi?"
Kweli, wapo wawili, wa Panzi na wa Muhungu,
vitanda vimegusana.
Nikainama, nikasoma kitambaa mguuni.
Nabintu wa Muhungu.
Kilo moja koma tano.
Mililita moja koma tano.

Masikio yangu yalisikia kabla yangu.
Namba ya uzito ilikuwa imeruka mstari
ikajiingiza kwenye dawa,
na mimi nikaifungulia mlango.

"Koma," akasema Ntakwinja, taratibu.
Sikujua kama ananitajia alama
au ananiamuru.
Nikakoma.

Tuliimwaga. Tukavuta upya kwa bomba dogo,
lile jembamba lenye mistari ya kuhesabika,
yeye akihesabu na mimi nikihesabu,
kila mtu peke yake, kisha tukalinganisha
kama wauza dengu wanaohofia deni.
Halafu akanipa daftari la kijani.
"Andika. Si la polisi hili."
Nikafungua ukurasa wa kwanza kutafuta mfano.
Mwandiko ulikuwa wake.
Mtoto wa kike, siku nne, kilo mbili kasoro.
Mistari mitatu, kisha karatasi tupu
ambayo hakuna aliyeandika juu yake tangu hapo.
Sikuuliza. Alikuwa anabadilisha chupa za maji.

Alfajiri ziwa likatokeza kati ya mabati.
Nabintu akaja na kikombe chake cha bati,
akaketi, akakamua ziwa, tone kwa tone,
yeye naye akipima.
Nilimwambia. Ntakwinja alisimama kando yangu
asiniokoe, asinisukume.
Nabintu aliitazama mikono yangu muda mrefu.
Kisha akauliza:
"Nani alisema usome?"

Mtoto huyu atakoma ziwa siku moja,
akiwa na meno, na ubishi,
akipiga teke mlango wa nyumba kule Muhungu.
Akome hilo.
Mengine yasubiri.